Bangili ya Kuvuliwa Mlangoni

Macho ya Bonifasi hayakuondoka siku moja. Yalikwenda polepole, mwaka hadi mwaka, na watu wa Manyoni, ambao hawajawahi kukosa maelezo ya jambo lolote, wakasema karogwa. Wengine wakasema ni pombe, ingawa mtu mwenyewe hata togwa likianza kuchacha humshinda. Ukweli ni mfupi tu. Alichomelea mageti na madirisha tangu ujanani akiwa amevaa miwani ya jua, ile inayouzwa mnadani. Miwani ya jua, jamani! Mafundi wenzake wote walivaa hiyo hiyo. Macho yakiwasha jioni walibandika vipande vya viazi, asubuhi wakarudi kazini wakiona wako sawa kabisa. Daktari alipokuja kumweleza kwamba mwanga ule ulikuwa ukiingia pembeni ya miwani, na mwingine ukiruka kutoka kwenye mabati ya banda, hapakuwa na cha kuokoa.

Siku hizi anakaa kibarazani, jirani na reli, anasuka waya wa mabanda ya kuku. Mkewe Amne ni marehemu. Dada yake Dorkas anampikia mlenda na kumgombeza, vyote kwa moyo mmoja. Mtoto anaye mmoja, Damari, aliyesoma mpaka akapata kazi kwenye maabara ya chuo huko Dodoma. Ulikuwa ukimuuliza Bonifasi binti yake anafanya kazi gani, anajibu kwa fahari, "Mambo ya maji." Ndivyo alivyoambiwa, kwamba wanatafuta dawa ya kusafisha maji ya visima, na akaridhika. Maji hayamchomi mtu macho.

Damari akija nyumbani wana desturi yao. Anapiga goti, anasema shikamoo baba, na baba anaitikia marahaba huku akiutafuta mkono wake wa kushoto. Anapapasa bangili. Hiyo aliitengeneza mwenyewe kutokana na kipande cha chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, kilichobaki kwenye geti la mtu, siku anamchumbia Amne na hana kitu mfukoni. Aliisugua mpaka ikawa inang'aa kama kioo. Pale ncha mbili zilipokutana pana kinundu kidogo cha kuchomelea, na kidole chake kikikigusa kile kinundu, moyo wake unatulia. Amne aliivaa mpaka kufa kwake, kisha ikawa ya Damari.

Jumamosi moja Damari alifika kwa basi la mchana, akapiga goti, akasalimia. Baba akaushika mkono. Akapapasa kifundo, akapanda mpaka kiwikoni, akashuka tena.

"Bangili ya mama yako iko wapi?"

"Ipo, baba. Iko kwenye mkoba."

"Mkobani inafanya nini?"

Damari angeweza kudanganya. Njia nzima ya kutoka Dodoma alikuwa na usingizi, alishuka bila kukumbuka kuivaa, na uongo mdogo ungetosha: inanibana, kamba ya begi inaikwaruza. Lakini mzee alikuwa bado ameshika ule mkono mtupu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeibiwa. Binti akashindwa.

"Huwa naivua nikiingia kazini, baba. Asubuhi nilipitia maabara. Inang'aa sana. Mwanga ukiipiga unaweza kuruka ukanirudia machoni."

Waya ukaanguka sakafuni. Ndani, Dorkas aliacha kusonga ugali.

"Mwanga gani?"

Basi akasema yote, palepale akiwa amepiga goti. Kwamba ni mwanga unaoitwa leza, mwembamba kama uzi, mkali kuliko wa kuchomelea. Kwamba wanayeyusha dhahabu na fedha pamoja, wanapata kibati kidogo, wanakilaza kwenye glasi ya maji safi. Leza inakipiga kupitia kwenye maji, mapigo mafupi mafupi, na kila pigo linang'oa vumbi la metali ambalo jicho la mtu haliwezi kuliona. Vumbi lile linabaki linaelea majini, kila chembe ina dhahabu na fedha ndani yake. Hawatii kemikali yoyote. Wanajaribu kuona kama chembe hizo zinaweza kuua vijidudu.

Bonifasi hakuuliza habari za vijidudu.

"Utaacha," alisema. "Rudi ukalime alizeti. Uza asali. Mimi nitakula mlenda mtupu mpaka nife, lakini macho yako utayaacha hapo yalipo."

"Baba."

"Nyumba hii imeshatoa macho mawili, Damari. Yanatosha."

Alinyanyuka, akashika ukuta, akaingia chumbani kwake. Alilia kule ndani, na sioni sababu ya kumfichia. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa siku alipoambiwa hataona tena, kwa sababu siku ile yalikuwa macho yake tu.

Damari alimwacha mpaka jua likapoa. Kisha akaingia, akakaa pembeni yake kitandani, akamwekea mapajani miwani anayovaa kazini. Mzee alikaa muda bila kuigusa, halafu ufundi ukamzidi. Akaivaa. Akapitisha kidole chini ya jicho, kwenye paji, na hasa pembeni, akitafuta nafasi. Akakandamiza mpira wake. Akaigeuza, akaijaribu upya.

"Pembeni imeziba," alisema.

"Imeziba. Na kuta zetu hazing'ai. Hakuna anayeingia na saa wala pete, tunavulia mlangoni."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba. Mimi ndiye ninayewakagua wenzangu. Unafikiri nimejifunza kwa nani?"

Hilo lilimwingia.

Damari akampa kichupa cha yale maji. Bonifasi akakipima kiganjani, kwa mkono uliobeba vyuma maisha yake yote.

"Mbona hakina uzito? Hiyo dhahabu iko wapi?"

"Imo humo humo."

"Maji yana rangi?"

"Yana. Fedha peke yake hutoa maji ya njano, kama mafuta ya alizeti. Dhahabu peke yake, mekundu kama juisi ya rozela. Hii ya mchanganyiko imekaa katikati. Kama asali ya Itigi, ukiishika juani."

Bonifasi akakiinua kichupa kuelekea dirishani, kana kwamba anaona. Asali ya Itigi aliikumbuka vizuri.

Hakusema ndiyo. Jumapili mchana Damari alijiandaa kuondoka, na safari hii alikumbuka kuivaa bangili. Akaja kibarazani kuaga. Baba akautafuta mkono, akakipata kinundu, akakisugua kwa kidole gumba. Kisha, taratibu, akaivua bangili na kuitia kwenye mfuko wa shati lake.

"Itakaa kwangu," alisema. "Iko siku utachelewa, utakuwa na haraka, utaisahau mkononi. Mimi najua siku hiyo inavyokuja."

Damari akaanza kulia. "Ni ya mama, baba. Na wewe utanijuaje?"

"Mama yako angeivua yeye mwenyewe." Akaushika tena ule mkono, mtupu, akaufunika kwa mikono yake yote miwili. "Mkono wako naujua tangu unazaliwa. Bangili nilikuwa naipapasa kwa ajili ya Amne."

Akanyoosha vidole, akagusa kope za binti yake, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimelowa. Akazifuta.

"Haya, basi litakuacha. Kesho ukivaa ile miwani, pitisha kidole pembeni kwanza."