"Futa Uso, Mama Glory"

Akili yangu bado inagoma. Ndeshi, soprano wa kwaya yetu hapa Akheri na rafiki yangu, amefariki. Jana tumemsitiri shambani kwao, kati ya migomba na kahawa.

Siku yangu ya kwanza mazoezini alinitazama nikiimba, akasema, "Mama Glory, futa uso."

Nikatoa leso, nikajifuta jasho. Kwaya nzima ikaangua kicheko! Kumbe kwao kufuta uso ni kuacha mbwembwe: nyusi zitulie, macho yasilegee, mdomo ufanye kazi yake tu.

Nilinuna wiki nzima, sifichi. Mimi machozi yangu yako karibu.

Halafu akanialika hoteli moja mjini, alikokuwa anaimba opera na kikundi fulani. Jamani! Ndeshi yuleyule alilia, akapiga magoti, akajishika kifua, akafa palepale stejini. Mzee wa meza ya jirani aliinuka kwenda kumsaidia.

Nikamfuata nyuma ya steji nimewaka. "Kwa hiyo kanisani huwa unatubania?"

Alicheka mpaka wanja ukachuruzika. "Hapa naigiza mtu mmoja na shida zake, lazima mumwone. Kule kuna aliyefiwa, kuna aliyepata mtoto. Uso wangu ukijaa mambo yangu, wao ya kwao watayaweka wapi?"

Tangu hapo nikawa namwangalia kila Jumapili. Uso umetulia, ila mshipa wa shingo unapiga. Hakuwa mkavu hata kidogo.

Alipozidiwa na ugonjwa aliniita. "Solo ya siku yangu utaimba wewe."

"Siwezi, Ndeshi. Nitalia."

"Utalia ukimaliza."

Jana mwalimu wa kwaya akanipa sauti, akairudia, bado sijaanza. Mama yake Ndeshi, kiti cha mbele, alikuwa ananitazama mimi tu.

Nikatoa leso. Nikafuta uso, kwelikweli, mbele ya jeneza. Nyuma yangu soprano wote kicheko kikawaponyoka, msibani! Hapohapo nikaanza.

Niliimba beti zote tatu, uso umetulia. Mama alilia vizuri, akanyamaza, ubeti wa mwisho tukaimba naye.

Jumamosi, Ndeshi, nawapokea wale mabinti uliokuwa unawafundisha kuimba. Mmoja nyusi zake zinacheza kuliko zangu, nimeshamwandalia leso.

Kapumzike, Ndeshi wangu. Nilimaliza kwanza, ndipo nikalia.