Hua Juu ya Jani la Mgomba

Nikisikia harufu ya kahawa mbichi ikichemshwa pamoja na majani ya kunukia, hapa mjini Bilele ninapoishi sasa, huwa narudi uani kwa bibi, kule kijijini Buganguzi. Kahawa ya kutafuna ilikuwa imeanikwa mkekani siku hua alipotua katikati yake, akashindwa kuruka tena.

Jamani, alikuwa anatisha! Vinundu vyeusi vilimjaa miguuni na kuzunguka mdomo, na macho yalikuwa yamezibwa na magamba. Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyepita kutangaza mkutano wa ujamaa, alirudi nyuma hadi kwenye migomba.

"Mama, hiyo ni ndui! Auawe, achomwe moto."

"Ndui naijua kuliko wewe," bibi akamjibu.

Kweli aliijua. Ilimshika akiwa msichana, ikamwachia uso wa mashimo, na kwetu aliyekwisha kuugua ndiye aliyeitwa kuuguza wengine, maana haimrudii mtu. Miezi michache kabla ya hua yule alimuuguza mama yangu, bintiye, katika kibanda mwishoni mwa shamba. Mimi sikuruhusiwa kusogea. Wachanjaji wa serikali walifika tukiwa tumeshazika. Bibi aliwanyooshea mkono wake wenye makovu akasema, "Haya, chanjeni. Ninyi hamchelewi kamwe." Watu walicheka. Mimi sikucheka wala kulia. Tangu mazishi nilikuwa natwanga, nachota maji, nalala, basi.

Bibi alibabua jani la mgomba motoni hadi likalainika, akamlaza hua juu yake, akamfunika kwa tenga. Kila asubuhi alimwosha macho kwa maji ya vuguvugu, akamtilia ulezi mdomoni na kubadilisha jani. Nilichuchumaa pembeni nikitaka apone. Sikuwa nimetaka kitu chochote tangu mama afe.

Akapona. Magamba yalidondoka, jicho moja likafunguka, na bibi alipoinua tenga, hua akaruka hadi kwenye mibuni. Nikapiga makofi, nikapayuka, "Bibi, amepona! Amepona!"

Bibi alilipiga teke tenga, likabiringika hadi kwenye kahawa. "Ondoka!" akamfokea ndege. Kisha akaingia ndani, na siku hiyo hakupika. Nilidhani nimemkera kwa kelele, nikaokota kahawa iliyomwagika.

Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu mwenyewe bwana mifugo mmoja aliponieleza kwamba ndui ya ndege ni ya ndege tu, na mara nyingi huisha yenyewe. Nikampelekea mama mdogo habari hiyo, nikimsimulia na kisa cha hua wetu.

"Hata mama yako, bibi alimlaza hivyohivyo," akasema. "Ngozi ilikuwa inaganda kwenye mkeka. Bibi alikuwa anababua majani ya mgomba, anamlaza juu yake, anamwosha macho kila asubuhi."

Mikono ileile, jani lilelile, na aliyepona ni hua. Bibi alikuwa amekufa zamani. Sikulia hata hapo. Nilikaa tu, viganja vikiniwasha kana kwamba ndiyo kwanza nimemaliza kupiga makofi.