Somo la Kunyonyesha kwenye Benchi la Kliniki

Juzi, kwenye kliniki ya Kilindoni, nilikaa karibu na mjamzito kutoka kijiji cha Bweni. Alikuwa akifuata somo la kunyonyesha kwa video ya moja kwa moja kwenye simu, amepakata kanga iliyoviringishwa kama mtoto.

"Mimi nimenyonyesha saba bila simu," mama mkwe wake aliyekaa pembeni yake aliguna.

"Mama, yule wa kwanza nilimwachisha ziwa siku ya tatu, nikidhani sina maziwa. Huyu simwachishi."

Mkunga aliyekuwa akifundisha kwenye simu akaomba mmoja wa wanafunzi aonyeshe. Mjamzito akajitolea. Mama mkwe akamwinua kiwiko: "Mlete mtoto kwenye titi, usimwinamie."

"Huyo mama amepatia!" mkunga akasema.

Mama mkwe akatengeneza mtandio, akasogea kwenye kamera. Nesi alipowaita ndani, yeye ndiye aliyejibu: "Utusubiri kidogo, mwanangu, tuko darasani."

Foleni nzima tukasubiri. Mimi niliyekwenda kupima presha nilitoka najua kupakata mtoto.