Kitabu Kilichonuka Moshi

Baba mdogo Ndirangu alisema sitamaliza kitabu kisicho na picha, na alilisema mbele ya kina mama wote waliokuwa wakichambua kahawa kiwandani Giakanja, ili lisisahaulike. Mpaka leo nikinusa maganda ya kahawa yaliyochacha, naisikia sauti yake. Ulikuwa msimu wa mavuno, miaka michache baada ya uhuru, na Bwana Kanti, Mhindi muuza vitambaa wa mjini Nyeri, alikuwa ameniazima kitabu kinene. Sharti lilikuwa moja: nikirudishe Jumamosi kikiwa safi, ndipo nipewe kingine. Nyumbani tulikuwa na Biblia tu. Duka lile likifungwa kwangu, kusoma kwangu kungekwisha.

Kitabu kilieleza jinsi makundi mawili ya wafanyakazi yalivyochimba njia ya reli ndani ya mlima, kila kundi likianzia upande wake, bila hakika kwamba yatakutana. Hakikuwa cha kubuni. Kilikuwa na vipimo, majina ya waliofukiwa, hata bei ya baruti. Nikawa nawasomea kina mama kwa Kikuyu huku wakitenga kahawa mbivu na mbichi, wakingoja kupimiwa. Baba mdogo alicheka: "Ati kitabu ya kuchimba shimo? Hapo kuna utamu gani?" Siku ya tatu yeye mwenyewe ndiye aliyenitandikia gunia nikalie. Ijumaa mvua ikaanza wakati kundi moja limezibiwa njia na mawe. Nilipotaka kufunga kitabu, Mama Muthoni alinishika mkono. "Hutoki hapa na wale watu wakiwa gizani," alisema. Nikasoma mpaka nyundo za upande wa pili ziliposikika kupitia mwamba, nikaimaliza sura ya mwisho, na kurasa zikalowa chepechepe.

Nyumbani nilifanya kile tulichofanya kwa mahindi mabichi: nilikilaza kitabu juu ya dari la fito lililo juu ya meko. Asubuhi kilikuwa kikavu kabisa, rangi ya chai, na sura ya mwisho imeungua. Nikatembea hadi mjini nikiwa na hakika kwamba mambo yangu yameisha. Bwana Kanti alikinusa. "Hii kitabu umepika?" Kisha akafungua mwisho. Alikuwa bado hajafika hapo mwenyewe. Akanikalisha juu ya robota la kitambaa, akaniamuru nimsimulie yaliyoungua. Nikamsimulia yote, pamoja na vipimo. Aliponyoosha mkono rafuni nilidhani ananionyesha mlango. Alinipa kitabu kingine, akasema kilichoungua nitakilipa nikipata kazi.

Hicho nilikimaliza, na vingine vingi, vya kwake, vya Mwalimu Gathoni na vya karani wa kiwanda. Nikaenda ng'ambo, nikarudi na diploma ya uhandisi, wa kwanza katika kijiji chetu. Nalisema kwa sauti kwa sababu Baba mdogo naye alilisema lake kwa sauti. Leo nina kabati mbili za vitabu, na vijana huniuliza waanze na kipi. Nawaambia watafute cha kweli ambamo mtu anataka jambo gumu: anayefuata nzige jangwani, anayetafuta dawa ya ugonjwa ulioua wagonjwa wake. Utageuza ukurasa haraka kuliko katika hadithi yoyote, kwa kuwa mwandishi hana ruhusa ya kumwokoa mtu aliyekufa.

Wiki niliyorudi niliwalipa wote walioniazima. Mwalimu alipata vyake, karani akapata vyake, na mwisho nikaingia kwa Bwana Kanti, ambaye sasa alikuwa na mvi, nikamwekea mezani nakala mpya ya kitabu kilekile cha mlima. Hakunishukuru. Alivaa miwani, akafungua sura ya mwisho, akaisoma yote akiwa amesimama huku wateja wakimngoja. Kisha akakifunga, akanitazama.

"Kijana," alisema, "siku ile wewe hapana ongeza kitu hata moja."

Diploma yangu iko ukutani. Maneno hayo ndiyo ninayoyataja kwanza.