Zipu Tatu na Kiondo

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya duka la kamera katikati ya jiji, mpigapicha wa harusi kutoka Uthiru alipokuja kurudisha mfuko wa kamera aliouziwa pale.

"Boss, hii mfuko iko na zipu tatu! Bwana harusi anavisha pete, mimi bado navuta ya pili. Pasta amekataa kurudia. Na mkanda imeandikwa jina ya kamera na manjano kubwa, nikitembea huku tao, mjini, ni kama naita wezi."

"Lakini hiyo ni original," muuzaji akajibu, akiupapasa mfuko kama anayebembeleza mtoto.

Mama mmoja nyuma yetu akatoa sukuma wiki kwenye kiondo chake. "Jaribu hapa, kijana."

Kamera ikaingia, ikatoka kwa mkono mmoja. Mama akaifunika kwa majani mawili, haikuonekana tena.

"Na mboga yangu nabebea wapi?" mama akauliza.

Mpigapicha akamkabidhi mfuko wake, wakabadilishana. Mama akaujaza sukuma, akafunga zipu zote tatu taratibu, akaondoka kwa madaha.

Jana nimepita pale. Dirishani kunaning'inia kiondo kipya, kimeandikwa "Mfuko wa kamera, original." Tayari wamekishonea zipu tatu.