Beringi Niliyoitikisa Mkononi

Jamani, ngoja niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mawifi zangu, maana wale huongeza chumvi: ndiyo, mimi ndiye niliyemmwagia baba mkwe unga mbele ya watu wa Kyimo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Tukuyu yamejaa spea za kila namna. Mume wangu kasafiri, kaniachia ufunguo wa mashine yetu ya kusaga, na shemeji yangu (aliyeutamani sana ufunguo ule) kasema sitamaliza wiki. Siku ya tatu beringi, ile ringi ya gololi inayobeba shafti, ikafa. Sikumwambia mtu, nikakimbilia madukani Ibighi, palepale Tukuyu. Muuza spea, mzee mmoja wa Pwani, akaniwekea mbili zenye ukubwa uleule. Moja nikaitikisa, ikayumba, nikajua imeshalika, ananiuzia mtumba.

"Hiyo ndiyo yako, mama," akasema. "Inayumba makusudi, ifuate shafti iliyopinda."

"Shafti yangu haijapinda!" (niliipimia wapi mimi?) Nikachukua ile ngumu inayong'aa, nikaenda kuifunga mwenyewe.

Kesho yake foleni ndefu, mashine inanguruma, lakini roho haitulii, kila dakika nagusa pale kwenye beringi na panazidi kuwa moto, nataka kuzima, naona aibu, naacha, nagusa tena, na hapohapo baba mkwe akaingia na mahindi yake kutoka Ikuti. Sasa kwetu Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe, akitokea unajificha, basi nikajitupa nyuma ya magunia, khanga kichwani, na swichi ikabaki upande wake.

Mashine ikaanza kupiga kelele.

"Mama, zima!" watu wakapaza sauti.

Nizime vipi na mkwe kasimama pale? Beringi ikapasuka, shafti, kumbe imepinda kweli, ikaruka, mfuko wa unga ukachomoka na kummwagikia mzee mwili mzima. Nikarukia swichi huku nimejifunika uso, nikamgonga kifuani.

Akanipa mgongo, akazungumza na ukuta. "Mwambieni mkwe wangu adabu yake nimeiona, ila mashine haina baba mkwe. Ufunguo apewe shemeji yake."

Mume wangu aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, lakini ufunguo hakunirudishia, na hapo ndipo nilipolia. Naapa, sinunui tena hata msumari bila kumsikiliza anayeuza.