Upinde Wangu wa Kwanza na Mihogo ya Mke Wangu

Mimi ni mshona kofia. Mkono wangu umezoea sindano, na tangu kuzaliwa sikuwahi kuua kitu kikubwa kuliko mende. Basi niambie, mtu wa namna hiyo upinde wa nini? Walionitia humo ni nguruwe, Mungu awalaani, wao na mama mkwe wangu. La, mama mkwe namtoa, keshatangulia mbele ya haki.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mke wangu alilima shamba la mihogo hapo Kirongwe, kwa jembe lake mwenyewe. Nguruwe wakaliingia. Mama mkwe akaja kwa miguu kutoka Bweni, akatazama matuta yaliyofukuliwa, akasema mbele yangu kama vile mimi ni kiti, "Mwanangu, mume asiyeweza kulinda muhogo atakulinda wewe? Likiisha shamba hili, unarudi kwetu."

Mke wangu akainama, akaokota mihogo iliyotafunwa. Kule kutomkanya mamake kulinitia baridi. Nilimpenda, nasema wazi, nilimpenda hata nikawa nakosea mishono.

Bunduki siku zile za Mdachi zilikuwa za boma la serikali tu, basi mke wangu akaomba upinde. Nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa pinde.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wataka wa kuchezea au wa kuwindia?"

Akaniwekea pinde tatu za mti wa mkole. Wa kwanza, mwembamba, nikavuta ugwe, ile kamba yake, ukanifika sikioni bila taabu. Wa pili ukaishia kidevuni. Wa tatu, mnene kama mchi, ulikataa katakata. Mwenye akili angechukua wa kwanza. Lakini barazani kwa fundi walikaa watu wawili wananitazama, na mmoja akasema, "Ule mwembamba ni wa kupigia njiwa." Nikachukua ule mnene.

"Mwanangu," akasema fundi, "huo hujauvuta."

"Nitauvuta nikikasirika," nikamwambia.

Akanifundisha kwamba ukiachia mshale useme Bismillahi, ili mnyama awe halali. "Na nguruwe je?" nikauliza. Akakuna kichwa. Maisha yake yote alikuwa akiwinda paa tu. Akaniambia niwaulize wenye elimu.

Kuuliza si ujinga, nikauliza. Laiti ningefunga mdomo! Msikitini, baada ya sala ya alasiri, mmoja akasema Bismillahi haisomwi juu ya haramu. Mwingine akasema kila kazi njema huanzwa kwa Bismillahi, na kuokoa mihogo ni kazi njema. Wa tatu, mbishi wa kuzaliwa, akauliza: je, akisema Bismillahi na nguruwe akafa, watu hawatadhani kachinjwa, wakamla? Toba! Wakagawanyika. Mwalimu wa chuo cha Kurani akafungua vitabu, akapata habari ya kuosha mshale uliogusa nguruwe, mara saba, moja kwa udongo, ila la Bismillahi hakuliona. Siku nne wakabishana, mpaka wengine hawaitikiani salamu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nguruwe hawana madhehebu, wao walikula tu.

Siku ya tano, baada ya sala ya alfajiri, nikamkuta mmoja shambani, dume zima, anatafuna. Nikavuta upinde. Ukakataa. Nikajaribu kukasirika, nikamfikiria mama mkwe, ukaja kidogo. Mwisho nikakaa chini, nikaukanyaga upinde kwa miguu miwili, nikavuta ugwe kwa mikono yote kama mtu anayepiga makasia. Nguruwe akaacha kula akanitazama. Ukaja! Sasa niachie, ndipo nikakumbuka. Niseme au nisiseme? Nikasema "Bis," nikanyamaza, nikaogopa kwamba kuikata katikati ni dhambi kubwa zaidi, nikaanza kuimalizia. Mikono ikachoka kabla ya ulimi. Mshale ukatoka, ukapigilia pindo la kanzu yangu ardhini. Nguruwe akahamia tuta la pili, wala hakukimbia.

Nilipogeuka, mke wangu amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Bwana," akasema, "mimi niliomba upinde. Wewe umeniletea fatwa."

Akajifunga leso, akauokota upinde, akashika njia bila kuaga. Lahaula! Nikajua kaenda Bweni, na upinde anampelekea mamake uwe ushahidi. Siku ile sikushona. Nilikaa mlangoni nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Jirani alipopita nikamwambia ni moshi, na jikoni hakukuwa na moto.

Alasiri nikamwona anarudi, upinde begani. Ulikuwa umekonda. Akaniwekea mapajani, bado wanukia mti mbichi uliokwanguliwa.

"Nimeshinda kwa fundi," akasema. "Kila akikwangua ananiuliza, basi? Namwambia bado, punguza. Ananiuliza, bibi, una hakika? Namwambia punguza, namjua mume wangu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. "Na Bweni?" nikamwuliza.

"Bweni kuna nini? Nguruwe wako hapa. Vuta."

Nikavuta.